Magodoro ya Dada Sitara

Jumatatu, 1 Machi 1954

Mwalimu wa Kiingereza ametugawia madaftari mapya. Kila msichana wa darasa letu aandike shajara kwa Kiingereza mpaka masika yaishe, na kila Ijumaa atayakusanya na kuyasahihisha kwa wino mwekundu. Kwa hiyo nimeanza shajara mbili. Ile ya Kiingereza inasema leo jua lilikuwa kali, mama yangu anajua kupika, nina dada mmoja jina lake Sitara. Hii ya Kiswahili haikusanywi na mtu.

Basi hapa naweza kusema. Leo niliitwa kusoma mbele ya darasa, nikasimama kama mlingoti, sikusoma. Wote wamedhani sijui. Ninajua. Niliogopa kifua kisije kikalia mbele ya watu.

Jumatano, 3 Machi

Kimelia hata hivyo, wakati wa hesabu. Candida, tunayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Zamda, umemeza paka?" Nikacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha.

Jumamosi, 6 Machi

Sufi imekuja! Magunia yameshushwa kwenye lori la Kisarawe, yakapitishwa ukumbini mpaka stoo, ile inayopakana na chumba chetu mimi na dada. Mtaa mzima wa Kipata umetoka kutazama.

Dada Sitara anaolewa mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, na Seifu wa Gerezani. Kwetu kitanda ni cha mume, lakini godoro na mito ni vya mke, naye huhukumiwa kwa vitu hivyo. Sisi wenyewe tunalalia usumba wa makumbi ya nazi, unaochoma mbavu. "Mwanangu hatakwenda na usumba," Mama amesema tangu mwaka jana, na tangu mwaka jana anakaanga vitumbua alfajiri na kuweka akiba, akinunua sufi kidogo kidogo na kuisukuma chini ya kitanda chetu. Leo imekamilika. Mama alishika konzi moja, akafungua mkono, sufi ikaelea hewani kama haina uzito. Nilimwona akitabasamu peke yake.

Mimi nilipiga chafya mpaka machozi.

Jumapili, 14 Machi

Mvua. Mvua tena. Sufi ilikuwa ichambuliwe na kupigwa uani, juani, kama inavyofanywa siku zote. Lakini uani maji yamefika kwenye mafiga, na Shaabani haingoji mtu. Mama akaamua ipigwe ukumbini. Wakaja wanawake wa jirani, wakatandika mikeka, wakafunga milango upepo usiingie, wakaanza kuchambua mbegu na kuipiga kwa fimbo.

"Pigeni kwa adabu," akasema Bi Mwanashamba wa chumba cha mbele. "Hili godoro lina kazi kubwa mbele yake."

"Hata mito isisahauliwe," mwingine akamjibu. "Ndiyo inayosikia siri zote."

"Nyie! Kuna watoto hapa!"

"Mtoto yupi? Zamda? Mwakani na yeye tunampigia yake."

Wakacheka wote. Dada Sitara akajifunika uso kwa khanga, naye nilimwona anacheka humo ndani. Ukumbi ulikuwa mweupe. Sufi ilikuwa kwenye nywele zao, kope zao, kwenye chai. Nami nilipewa fimbo nisaidie.

Sikumaliza hata gunia moja. Kifua kilijikaza kama kimefungwa kamba, na kila nikitaka kutoa pumzi haitoki. Watu wanadhani shida ni kuvuta. Shida ni kutoa. Nilitoka nikainama kwenye mlango wa uani, mvua ikinipiga mgongoni, mpaka kikalegea.

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo mkononi. Hakuwa anatabasamu tena.

Jumanne, 16 Machi

Sikwenda shule.

Ijumaa, 19 Machi

Sijui kama niandike hili.

Kikombe changu cha bati, chenye ua jekundu na pengo ukingoni, kimeondolewa rafuni pamoja na vingine. Kimewekwa peke yake juu ya mtungi. Hakuna aliyeniambia kitu. Mama alinimiminia chai ndani yake, akanipa, akaenda kunawa mikono.

Ninajua anachowaza. Kaka yake Mama, Mjomba Safari, alikufa kwa kifua kikuu kabla sijazaliwa, na mpaka leo Mama hataji ugonjwa ule kwa jina. Husema "ile maradhi." Na wakwe wa Gerezani wakisikia ile maradhi iko humu ndani, harusi hakuna. Nani atamwoza kijana wake kwenye nyumba inayokohoa?

Wakati wa chakula cha mchana dada Sitara alinyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akanywa maji yangu yote, huku anamtazama Mama machoni.

"Sitara!"

"Kiu, Mama."

Ijumaa, 26 Machi

Daftari la Kiingereza limerudi. Kwa wino mwekundu mwalimu ameandika: vizuri, lakini nieleze zaidi habari za nyumbani kwenu.

Jumatatu, 29 Machi

Leo lazima niandike yote.

Wiki iliyopita Mama alinipeleka hospitali kwa siri, amejifunika buibui mpaka machoni, nikapigwa picha ya kifua. Leo tulikwenda kusikia jibu. Baba alikuwa zamu bandarini, na hata angekuwapo nadhani asingethubutu. Tulikaa kwenye benchi. Mama aliomba dua mfululizo, midomo tu inacheza.

Daktari ni mama wa Kizungu, mgeni, Kiswahili hajui hata cha salamu. Huwa anatafsiriwa na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, Mrisho, lakini leo Mrisho amekwenda mazishini. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama ninakijua. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema basi, nitazungumza na mama yako kupitia kwako. Mimi! Niliyeshindwa kusoma mistari mitatu mbele ya Candida.

Akainua ile picha kwenye mwanga wa dirisha. Akasema mapafu hayana kovu, si kifua kikuu.

Nikamgeukia Mama. "Kasema si ile maradhi."

Mama akashika meza ya daktari kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Daktari akamngoja anyamaze, halafu akaendelea, na sasa alikuwa anazungumza na mimi.

Hii ni pumu, akasema. Nyumbani kwenu kuna kitu ambacho kifua chako hakikubaliani nacho. Huenda ni vumbi, manyoya, paka, sufi. Mnalalia nini?

Nikasema usumba wa nazi.

Sufi hamna kabisa?

Ipo, nikasema. Nyingi.

Kwa nini nyingi?

Dada yangu anaolewa.

Akaweka kalamu chini. Akasema itolewe nyumbani leo, yote, na pale ilipokuwa pafutwe kwa maji. Akasema pumu inaua, watu hawajui lakini inaua. Unaelewa? Mwambie mama yako.

Nikamtazama Mama. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya buibui, na kwenye ile ncha kulikuwa na punje ya sufi imenasa. Nikaikumbuka ile konzi yake iliyoelea. Nikawaza vitumbua vya alfajiri, mwaka mzima. Nikawaza wakwe wakiletewa mkeka.

"Anasemaje?" Mama akauliza. "Mbona maneno mengi hivyo?"

"Anasema nisinyeshewe mvua."

Daktari akakunja uso. Akaniuliza, ni hayo tu?

Nikamjibu kwamba Kiswahili husema kwa ufupi.

Sijawahi kumdanganya mtu mzima usoni, na leo nimewadanganya wawili kwa pumzi moja, tena pumzi yenyewe ni ya kuazima. Njiani Mama alininunulia chungwa. Alilimenya yeye mwenyewe.

Ni wiki chache tu. Magodoro yakishakwenda Gerezani, na sufi imekwenda. Nitavumilia.

Alhamisi, 1 Aprili

Kikombe bado kiko juu ya mtungi. Nilidhani kitarudi. Nadhani Mama ana furaha lakini hana uhakika.

Jumapili, 4 Aprili

Niko Magomeni kwa shangazi. Nimeletwa Ijumaa kwa sababu fundi wa magodoro amekuja kushona, na Mama hataki fundi anisikie, maana fundi ndiye gazeti la Kariakoo.

Kwa shangazi kuna mkeka, kuna godoro la usumba, kuna kuku nje, basi. Ijumaa kifua kililia. Jumamosi kidogo. Leo nimekimbia kutoka bombani na ndoo kichwani, nikafika, nikasimama kungoja kifua kilie. Hakikulia. Shangazi akauliza, "Unasikiliza nini wewe?"

"Sisikilizi kitu."

Kweli sikusikia kitu. Nikaona raha, kisha nikaona hofu. Maana sasa si maneno ya daktari tu. Sasa ninajua mwenyewe.

Jumatano, 7 Aprili

Nimerudi nyumbani. Kabla sijavua viatu kimeanza.

Mama yuko ukumbini anashona foronya za mito, anaimba chini chini. Kitambaa cha magodoro chenye mistari ya buluu amekichukua dukani kwa Harilal, ambaye amempa na uzi wa bure kwa kuwa ni harusi. Nilikaa karibu naye nimwambie. Nilikuwa na sentensi tayari. Akanikabidhi mto mmoja, "Hebu shika, laini ee?" Nikasema laini. Nikatoka nje.

Jumamosi, 10 Aprili

Mvua. Nimelala nimekaa.

Jumanne, 13 Aprili

Dada Sitara ameniuliza, "Magomeni ulikuwaje?"

"Mzima."

"Mzima kabisa?"

Nikageukia dirisha. Akanitazama sana, sindano imesimama hewani. Halafu akasema, "Mimi nikiondoka hapa utabaki na nani wa kukuuliza?" Niliona hasira, kana kwamba anaolewa makusudi kuniacha. Hilo nalo ni la daftari hili tu.

Jumapili, 18 Aprili

Ninaandika nikiwa kitandani kwa shangazi. Mkono bado unauma pale palipopigwa sindano. Lakini siku ya Alhamisi haitoki kichwani mpaka niiandike.

Alhamisi alasiri wakwe walikuja kuangalia vyombo. Mama Seifu mwenyewe na wanawake wengine. Ni mwanamke mrefu, mkavu, sauti yake inaingia nyumbani kabla yake. Namwogopa tangu siku ya posa. Magodoro yalitandazwa ukumbini, mito juu yake kama minara. Dada Sitara alikalishwa mkekani, kichwa chini, asitazame mtu wala asiseme, ndiyo heshima.

Na mimi? Tangu asubuhi kifua kilikuwa kinalia mpaka barazani. Mama akanishika mkono akanipeleka stoo, kwa kuwa ndicho chumba kisicho na dirisha la mbele.

"Vumilia kidogo tu, mwanangu. Wakiondoka nakufungulia. Uma khanga."

Stoo ilikuwa na magunia yaliyobaki. Nilisimama mlangoni nikayaona, na nikajua. Ilikuwa kusema "Mama, humo siingii," basi. Lakini angeuliza kwa nini. Nikaingia. Mlango ukafungwa.

Nilisikia kila kitu.

"Hii ni sufi kweli, mwenzangu, au mmechanganya na usumba?" Huyo Mama Seifu.

"Sufi tupu. Bonyeza mwenyewe."

"Nimebonyeza. Ngoja nibonyeze na hapa."

Nikauma khanga. Mwanzoni nilihesabu pumzi, kisha hapakuwa na cha kuhesabu. Hewa iliingia kidogo kama inayopita tundu la sindano, na ile iliyokuwa ndani haikutoka. Masikio yakaziba. Nikataka kuita, lakini kuita kunataka hewa. Nikaegemea magunia, moja likaporomoka na kupasuka, sufi yote ikanimwagikia kichwani.

"Kuna nini humo?" akasema Mama Seifu.

"Panya," akasema Mama.

Hapo ndipo dada Sitara alipoinuka. Bibi harusi mtarajiwa, mbele ya wakwe, aliinua kichwa, akasimama, akayakanyaga magodoro yake mwenyewe kwa miguu, akafungua stoo. "Panya gani, Mama? Ni Zamda!" Akaniburuta mpaka barazani, mimi mweupe mwili mzima. Midomo yangu, aliniambia baadaye, ilikuwa rangi ya wino.

Mtu mmoja akasema, "Ile maradhi." Wanawake wakarudi nyuma, wakajiziba pua kwa mitandio.

Mama Seifu hakurudi nyuma. "Iteni teksi," akasema. Teksi ilipofika, Mama akaingia, dada akanipakata, naye Mama Seifu akafungua mlango wa mbele akakaa bila kukaribishwa na mtu.

"Wewe unakwenda wapi?" Mama akamuuliza.

"Kusikia kwa masikio yangu."

Nilipigwa sindano mkononi. Sijui ina nini ndani, lakini moyo ulikimbia kama unafukuzwa, na kifua kikafunguka taratibu. Daktari yule yule akaja, amekasirika, akasema maneno mengi kwa haraka. Safari hii dresa Mrisho alikuwapo.

"Daktari anauliza," akasema Mrisho, "si aliwaambia mwezi uliopita muitoe sufi nyumbani? Mbona mtoto kaja amejaa sufi?"

"Kamwambia nani?" Mama akauliza.

"Huyu hapa. Ndiye aliyekuwa anatafsiri."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na hewa ya kutosha kusema sasa, na sikuwa na pa kuificha. "Alisema ni pumu. Alisema sufi itoke yote siku ile ile. Alisema inaua. Sikukwambia, Mama."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na sufi kwenye buibui."

Si jibu, najua. Lakini ndilo lililotoka. Mama akakaa kwenye benchi, akaitazama nguo yake kana kwamba inatambaa.

Mama Seifu akamsogelea Mrisho. "Dresa, hiyo pumu inaambukiza?"

"Haiambukizi, mama. Hata ukilala naye kitanda kimoja hupati."

"Sijasema nitalala naye." Akamgeukia Mama. "Mwenzangu, magodoro yanaondoka kwako leo hii. Mkokoteni nautafuta mimi."

"Mtoto hajaolewa bado! Vyombo vitatanguliaje? Watu watasema nini?"

"Waseme. Ulitaka yangoje mpaka huyu afe, ndiyo tuozane vizuri?" Halafu akasema polepole, sijawahi kuisikia sauti yake ikiwa ndogo: "Mimi mlinificha mtoto kama haramu. Mngeniambia."

Magodoro yalipita Kariakoo kwenye mkokoteni, chini ya turubai, mvua inanyesha, magunia yaliyobaki juu yake. Dada anasema watu walitoka milangoni kama siku ile yalipokuja.

Jumatano, 21 Aprili

Nimerudishwa nyumbani. Mama amefuta kuta, sakafu, boriti, chini ya kitanda, kila kitu kwa matambara ya maji. Mikono yake imekwaruzika. Hanisemeshi. Ananipa chakula, ananifungulia dirisha, hanisemeshi. Ningependa anipige.

Jumapili, 25 Aprili

Dada ameolewa. Nilimshika mkono mpaka mlangoni. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatatu, 26 Aprili

Kitanda kimekuwa kikubwa.

Alhamisi, 29 Aprili

Asubuhi Mama alisimama mlangoni amevaa buibui. Neno la kwanza tangu hospitali: "Twende. Utatafsiri wewe. Na safari hii yote."

Mrisho alikuwapo, akataka kuingia. Mama akamwambia, "Wewe mwanangu kapumzike, nimekuja na wangu."

Daktari akanisikiliza kifua mbele na nyuma. Akasema, nami nikasema nyuma yake, kila neno: kwamba pumu hii haitoki. Kwamba nitaishi nayo, pengine mpaka uzee. Kwamba itarudi siku za vumbi na siku za mvua, na itatubidi tujue mapema, tusingoje midomo ibadilike rangi. Kwamba nisifungiwe ndani, wala nisifukizwe udi. Kwamba nisilale kabisa kwenye nyumba yenye sufi.

Hapo Mama akanikatiza. "Hata kwa Sitara?"

Nikamuuliza daktari. "Hata kwa Sitara," nikamwambia Mama, na sauti ikanikatika, si kwa pumu.

Mama akatengeneza mtandio. Kisha akasema, "Mwambie nashukuru. Mwambie na hili, usiruke: huyu binti alinificha kwa kunionea huruma, na mimi nikamfungia ndani kwa kuona haya, na kati ya huruma yake na haya yangu nusura nimzike. Mwambie."

Ni vigumu kutafsiri unapojitaja mwenyewe. Sikujua niseme "yeye" au "mimi." Nilisema lote.

Daktari akanitazama kwa muda. Akasema, leo naona Kiswahili kimerefuka.

"Kasemaje?" Mama akauliza.

Nikamwambia, na ikabidi nimweleze na ule uongo wangu wa siku ile. Mama akacheka. Alicheka mpaka Mrisho akachungulia mlangoni. Nyumbani alimimina chai kwenye kikombe chenye pengo, akanywa yeye kwanza, akanipa.

Jumamosi, 8 Mei

Ramadhani, na mvua zimeanza kuchoka. Leo tulialikwa kufuturu kwa dada, Gerezani. Chumbani kwake sikuingia. Mkeka ulitandikwa barazani, na Mama Seifu alihamisha futari yote nje, akigomba kwamba miguu yake si ya kubeba sinia kila saa, na aliyebeba masinia alikuwa yeye.

Dada akaniletea mto. Kaukata mmoja wa mito yake ya harusi, katoa sufi yote, kafua foronya, kajaza matambara: khanga zetu kuukuu, shati la Baba, sare yangu ya mwaka juzi. "Huu ni wako," akasema. "Unakaa hapa kwangu. Ukija, unalala barazani nami nakuja kulala na wewe, Seifu ashike adabu yake."

Nikaulalia. Ndani kulikuwa na kifungo cha shati kimesahauliwa, kikanichoma shavu. Nilitaka kunyamaza.

"Dada," nikasema, "kuna kifungo."

"Alaa! Mgeni gani huyu, hata hajafuturu anakosoa mto!" Akaurarua pale pale, akaanza kukitafuta.